UZI: Metali zinazoleta kansa zinaingiaje ndani ya seli, na kwa nini nyingine zikishaingia hazitoki

Mleta Uzi

Wakuu salaam. Kwenye ile mada ya moshi wa kuchomelea niliahidi kuja na uzi wake, leo nimepata nafasi naushusha. Ni mrefu, kwaiyo anayetaka kusoma kidogokidogo ruksa. Kazi yangu ni usalama mahali pa kazi, nazunguka karakana na viwanda, na karibu kila ninapofika nakuta imani ileile: chuma ulichovuta leo kesho utakikojoa, piga maziwa, piga maji mengi, basi yameisha. Kuna metali ambazo ni kweli zinatoka haraka. Ila kati ya hizi zinazoleta kansa kuna ambazo zinatoka kwenye damu zinahamia ndani ya seli, na zikishakaa humo unaweza kupimwa mkojo ukaambiwa uko safi wakati zenyewe zipo palepale zinaendelea na kazi.

Kitu ambacho nataka tuelewane kwenye uzi huu ni kwamba hizi metali hazivunji seli ndo ziingie. Seli yenyewe inazipokea, kwa sababu kwa umbo na chaji zinafanana na vitu ambavyo seli inavihitaji kila siku. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini mtu anavuta moshi miaka 10 hajisikii chochote, hakuna ulinzi wowote wa mwili uliopiga kelele.

Tuanze na nani anahusika. IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililoko Lyon Ufaransa chini ya WHO, wana kundi wanaloliita Kundi la 1, yani ushahidi kwa binadamu umetosha hakuna tena ubishi. Humo kwenye metali wapo aseniki, beriliamu, kadimiamu, kromiamu ya namba sita na kampaundi za nikeli. Moshi wa kuchomelea wenyewe wameuingiza humo mwaka 2017. Siwezi kuzimaliza zote, nitakaa sana kwenye kromiamu maana ndo inayoonyesha vizuri jinsi kitu kinavyoingia kikakwama, halafu nikeli na kadimiamu.

Kromiamu wakuu ina sura mbili za kuzijua. Kromiamu tatu na kromiamu sita, tofauti ni idadi ya elektroni zilizopotea. Kromiamu tatu seli inaikatalia karibu kabisa, haipiti kwenye utando, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli. Kromiamu sita ikiwa kwenye maji inashikana na oksijeni nne inakuwa kromati, na hapo ndo balaa linapoanzia, kwa sababu kromati ina umbo na chaji kama salfeti na fosfeti, na seli ina milango maalum ya kupitisha salfeti na fosfeti saa 24. Mlango hauna namna ya kutofautisha. Inapita.

Ikishafika ndani inakutana na vitamini C, glutathioni na sisteini, hivi ni vitu vya kawaida kabisa vya seli ambavyo kazi yake ni kutoa elektroni kwa chochote chenye njaa ya elektroni. Vinaipa. Kromiamu sita inashuka kuwa tano, nne, mwisho inakuwa tatu. Sasa kumbuka nimesema nini kuhusu kromiamu tatu: haipiti kwenye utando. Ilikuwa haiwezi kuingia, sasa haiwezi kutoka. Ni dema kabisa, samaki anaingia kirahisi kwenye mdomo mpana na njia ya kurudi hana. Na kwa vile kila ile ya sita inayoingia inageuzwa papo hapo kuwa tatu, ndani hamjai kromati, kwaiyo ya nje inaendelea kumiminika tu, na kiwango ndani ya seli kinapanda mpaka kinakuwa mara nyingi zaidi ya kile kilichopo nje.

Hii sio nadharia ya vitabuni. Tangu miaka ya 1950 madaktari walikuwa wanaitumia kupima umri wa chembe nyekundu za damu: wanachukua damu ya mgonjwa, wanaichanganya na kromati yenye mionzi kidogo, ile kromati inaingia kwenye chembe nyekundu, inageuka, inashikana na hemoglobini, wanamrudishia mgonjwa damu yake halafu wanafuatilia mionzi wiki kwa wiki kuona chembe zinakufa kwa kasi gani. Kipimo kizima kilitegemea jambo moja, kwamba kromiamu ikishaingia haitoki hovyo.

Naendelea chini, ngoja niweke hii kwanza.

Mama K

Asante sana kwa uzi, nimepiga kambi hapa. Swali langu la haraka, kama vitamini C ndo inaigeuza hiyo kromiamu sita kuwa tatu ambayo haina madhara, si ina maana tule machungwa na mapera kwa wingi? Mume wangu yuko kwenye mambo ya kupaka kromu vyuma.

Mleta Uzi

Dada Mama K umeuliza swali lenyewe hasa, na jibu lina pande mbili, naomba usome mpaka mwisho usikamate nusu.

Nje ya seli, vitamini C ni rafiki. Kromiamu sita ikigeuzwa tatu ikiwa bado kwenye ute wa mapafu au kwenye maji ya tumbo, imekwama nje, haina mlango. Tumbo linafanya hiyo kazi vizuri kiasi, ndo maana ya kuvuta kwa pua inaogopwa kuliko ya kumeza. Ya kumeza nayo sio salama, kule Marekani mpango wa taifa wa sumu, NTP, waliwanywesha panya maji yenye daikromati, ambayo ni kampaundi ya kromiamu sita, kwa kiwango kikubwa na mwaka 2008 wakatoa ripoti: panya wakubwa walipata uvimbe mdomoni, wale wadogo kwenye utumbo mwembamba. Yani ulinzi wa tumbo ukizidiwa, umezidiwa.

Ndani ya seli mambo yanageuka. Kule ndani vitamini C ndo inayoongoza kuigeuza, na kile kinachozaliwa pale, kromiamu tatu mbichi, inajipachika kwenye DNA, mara nyingine ikiwa imeshikana na ile vitamini C yenyewe au na glutathioni, panakuwa na kipande kimeganda juu ya vinasaba. Mtafiti Anatoly Zhitkovich wa Chuo Kikuu cha Brown ameshughulika na hili kwa miaka mingi, na yeye na wenzake wameonyesha kwamba seli zilizokuzwa maabara huwa hazina vitamini C ya kutosha, kwaiyo majaribio mengi ya zamani yalikuwa yanaonyesha madhara madogo kuliko hali halisi ya mwili. Ukizirudishia vitamini C yake, uharibifu wa DNA unapanda.

Sasa hapa ndo pananigusa kuliko sehemu zote. Seli ina protini za kurekebisha makosa ya DNA, kuna kikosi kinachoshughulika na herufi zilizooana vibaya wakati wa kunakili, moja ya protini zake inaitwa MLH1. Kikosi hiki kikikutana na kile kipande cha kromiamu kinajaribu kukirekebisha, kinashindwa, kinakata DNA pande zote mbili, na seli nyingi zinakufa. Kufa kwa seli moja moja ni kinga, seli iliyoharibika imeondoka. Lakini ikatokea seli moja ambayo kikosi chake cha MLH1 kimezimika, hiyo haifi. Inaishi na kromiamu yake ndani, inagawanyika, na kila ikigawanyika inakusanya makosa mapya kwa sababu hakuna anayerekebisha. Mwaka baada ya mwaka kromiamu inaua zile nzima na kuziachia nafasi zile mbovu.

Na hili limeonekana kwa watu. Japani watafiti walichukua uvimbe wa mapafu wa wafanyakazi waliofanya kazi na kromati miaka mingi, wakalinganisha na uvimbe wa mapafu wa watu wengine. Ule wa wafanyakazi wa kromati ulikuwa na alama za urekebishaji kushindwa kwa wingi zaidi, na MLH1 imepungua. Ni alama ileile ambayo maabara ingekuambia uitegemee.

Kwaiyo dada, machungwa mumeo ale, ni chakula kizuri, ila asile akidhani ni kinga ya kazini. Kinga ni mvuke ule usimfikie puani. Beseni la kupakia kromu linatoa vipovu na kila kipovu kikipasuka kinarusha ukungu wenye kromiamu sita. Pawe na kivutio cha hewa pembeni ya beseni kinachofanya kazi kweli, na yeye kama ana kidonda ndani ya pua kisichopona au pua inatoka damu mara kwa mara, hiyo ni dalili ya zamani inayojulikana ya kromati, inatoboa ule ukuta wa katikati ya pua. Aende akaangaliwe asingoje.

Fundi Geti

Mkuu heshima yako. Mimi nachomelea reli za ngazi na mageti, siku hizi kazi nyingi za mjini ni stenlesi. Nauliza huo moshi unakaa wapi hasa? Mapafu yote au? Na tofauti ya stenlesi na chuma cheusi ikoje kwenye hili.

Mleta Uzi

Fundi Geti karibu, uzi huu nimeuandika hasa kwa ajili ya watu wa kazi yako.

Haukai sawasawa mapafu yote. Watafiti wa Japani waliyachunguza mapafu ya wafanyakazi wa kromati waliofariki, wakapima kromiamu kipande kwa kipande, mwaka 1994 wakachapisha kwamba kuna sehemu zimerundikana kupita kiasi, na hizo sehemu ni kwenye mapanda, pale njia ya hewa inapogawanyika kuwa mbili. Hewa inakata kona, chembe nzito haikati kona vizuri, inakwenda kugonga pale kwenye panda na kubaki. Pua na koo vinazuia zile kubwa, ndogo kabisa zinashuka chini, hizi za kati zinatua kwenye mapanda, na mapanda ndo sehemu ambayo saratani ya aina hii imezoea kuanzia. Kwaiyo mtu anaweza kupimwa wastani wa mapafu yake yote ukaonekana sio mkubwa, kumbe kuna kieneo kidogo tu ambacho seli zake zimebeba mzigo wa mapafu mazima.

Stenlesi ile ya kawaida, 304, ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli 8, ndo maana wengine wanaiita 18/8. Ikiwa bado chuma haina neno, kromiamu iliyomo sio ya sita. Shida ni moto. Ukichoma na rodi, ule unga wa kwenye rodi una potasiamu na sodiamu, kwenye lile joto kromiamu inashikana na oksijeni na hizo potasiamu na sodiamu zinaifanya itulie kwenye hali ya sita. Rodi kwenye stenlesi ndo inatoa kromiamu sita nyingi ukilinganisha na njia nyingine. Tigi (TIG), ile ya kuchomelea kwa gesi bila rodi ya unga, inatoa moshi kidogo sana. Chuma cheusi hakina kromiamu ya maana, ila moshi wake nao umo kwenye lile Kundi la 1, kwaiyo usijipe uhuru.

Nimeona mara nyingi fundi anachomelea reli ya ngazi ndani ya nyumba ambayo madirisha yameshafungwa vioo, amepiga magoti, kichwa kimeinama juu ya kiungio, moshi unapanda wima unaingia chini ya helmeti, unajikusanya humo kati ya kioo na uso wake, na yeye anavuta palepale mpaka rodi iishe. Ile helmeti inakinga macho, kwa moshi ni kama hamna. Ukibadilisha mkao tu, ukakaa kwa ubavu, kichwa kikatoka juu ya moshi, umeshapunguza sehemu kubwa. Feni ikae upande wa kuuvuta moshi karibu na moto kabla haujafika usoni, sio ile ya kukupuliza mgongoni. Barakoa iwe ya chembe, FFP3 au P100, kitambaa na zile za hospitali hazizuii. Marekani kikomo chao cha kromiamu sita hewani walikishusha mwaka 2006 kutoka maikrogramu 52 kwa mita moja ya ujazo hadi 5, kwa wastani wa saa 8, uone jinsi kiasi kinachotia hofu kilivyo kidogo.

Fundi Geti

Aisee. Hapo kwenye helmeti umenisema mimi. Nikeli yenyewe je?

Mleta Uzi

Nikeli ina njia yake nyingine kabisa na nadhani ni ya kutisha zaidi, maana hapa seli inameza jiwe zima.

Historia kwanza kwa ufupi. Clydach, kule Wales, kuna kiwanda cha kusafishia nikeli kilichoanza 1902. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaguzi wakaanza kuona kansa ya pua kwa wafanyakazi, ugonjwa ambao kwa kawaida ni adimu sana, halafu ya mapafu. Baadaye Richard Doll, yuleyule ambaye 1950 yeye na Bradford Hill walionyesha uhusiano wa sigara na kansa ya mapafu, akawafuatilia na kukuta hatari ile kubwa iliwaangukia walioajiriwa kabla ya mwaka 1930 hivi, kabla taratibu za kiwanda hazijabadilishwa. Waliokuja baadaye hatari yao ilishuka sana. Ukitaka ushahidi kwamba kubadilisha mazingira ya kazi kunaokoa watu, ndo huo.

Sasa ndani ya seli. Nikeli inayoyeyuka kwenye maji inaingia polepole kupitia mlango wa chuma na inatoka upesi kiasi. Ile ambayo haiyeyuki kirahisi, kama nikeli salfaidi ya fuwele, ndo hatari kubwa. Mtafiti Max Costa na wenzake, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, walizipa seli za hamsta wa China, mnyama mdogo jamii ya panya, chembe hizi wakaangalia kwa darubini. Seli ikaizunguka chembe kwa utando wake, ikaimeza, chembe ikabaki imefungwa kwenye kifuko. Kile kifuko kikasogea taratibu kuelekea kwenye kiini. Vikaja vifuko vya asidi, lisosomu, kazi yake kuyeyusha vitu vilivyomezwa, vikaanza kuimenya ile chembe. Kila ikimenyeka inatoa ioni za nikeli, yani nikeli iliyoyeyuka yenye chaji, na inazitoa ubavuni mwa kiini, mahali DNA ilipo. Nikeli ambayo ingezunguka mwilini ikakojolewa imesafirishwa mpaka mlangoni kwa vinasaba na kuachiwa kidogokidogo siku baada ya siku. Nikeli salfaidi isiyo ya fuwele, kemikali ileile ila imekaa ovyoovyo, seli haikuipenda, ilimezwa kidogo na madhara yakawa madogo. Kilichoamua ni kumezwa.

Na ikifika kwenye kiini haikati DNA sana kama kromiamu. Inachofanya ni kukaa kwenye kiti cha chuma. Kuna protini nyingi zinazotumia ioni ya chuma kufanya kazi, mojawapo ni zile zinazofungua DNA iliyokunjwa ili jeni zisomeke. Nikeli ikikaa kwenye nafasi ya chuma zinasimama. DNA inakunjwa, jeni ambazo zilitakiwa kuizuia seli isigawanyike hovyo zinanyamaza bila hata herufi moja kubadilika. Kundi lingine la protini za aina hiyo ni zinazopima oksijeni: zikizimwa, protini inayoitwa HIF haivunjwi tena, seli inaamini imekosa hewa wakati hewa ipo, inaanza kuita mishipa mipya ya damu na kula sukari kwa fujo, tabia zilezile za uvimbe. Mfumo huo wa kupima oksijeni ndo uliowapa watafiti Kaelin, Ratcliffe na Semenza tuzo ya Nobel 2019.

Kukaa kwake sasa. Kristiansand kule Norwei walichukua vipande vya ngozi ya ndani ya pua kwa wafanyakazi wa kiwanda cha nikeli na wastaafu wake. Wastaafu miaka kadhaa baada ya kuacha kazi bado walikuwa na nikeli juu ya watu wa kawaida, wakakadiria kwamba kupungua kwa nusu tu kunachukua kama miaka 3 na nusu. Mtu amekabidhi sare, amekula pensheni, pua yake bado iko kazini.

Kijana wa Lushi

Jambo wandugu, miye niko Lubumbashi, uzi hii iko muzuri sana. Kwetu ni kobalti, watu wanachimba, vumbi iko mpaka ndani ya nyumba. Kobalti nayo iko hivyo?

Mleta Uzi

Karibu sana ndugu. Kobalti iko jirani na nikeli kwenye jedwali la elementi na inafanya ule mchezo wa kukalia kiti cha chuma, mpaka maabara wanapotaka kuidanganya seli iamini imekosa oksijeni wanaitilia kobalti kloraidi, ni mbinu ya kila siku. IARC walikaa Machi 2022 wakaiweka kobalti ya metali na chumvi zake zinazoyeyuka Kundi la 2A, maana yake pengine inaleta kansa kwa binadamu, ushahidi kwa wanyama umetosha, kwa binadamu bado. Na kwenu huko kuna utafiti muhimu wa watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wa Leuven Ubelgiji, uliochapishwa 2009, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia, wakakuta kobalti juu sana, watoto wakiwemo. Kuwa kwenye mkojo inaonyesha inaingia mwilini kila siku. Wanaochimba kwa mikono wangekuwa na haki kabisa ya kufuatiliwa miaka mingi kama walivyofuatiliwa wale wa Wales, na inaniuma kuona betri zenye kobalti zinafika dunia nzima lakini anayechimba hana hata barakoa.

Mtaalamu Mchanga

Mkuu mimi nasoma maabara mwaka wa pili. Ukikuta metali nyingi kwenye uvimbe kuliko nyama ya pembeni, si inatosha kusema metali ndo imesababisha? Nimeona watu wanaandika hivyo sana.

Mleta Uzi

Haitoshi mdogo wangu, na hapo watu wengi wanaruka hatua.

Seli ya uvimbe ina njaa. Inagawanyika haraka kwaiyo inahitaji chuma kingi, inapandisha idadi ya milango ya kupokea chuma juu ya utando wake, ile ya transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu. Milango ikiwa mingi, kinachofanana na chuma nacho kinaingia zaidi. Hospitali zimelitumia hilo: galiamu yenye mionzi, galiamu 67, inasafiri kwenye transferini badala ya chuma, inajikusanya kwenye baadhi ya uvimbe kama limfoma (kansa ya tezi za limfu), kamera inauona. Hakuna anayesema galiamu ndo iliyoleta ule uvimbe, uvimbe umeivuta yenyewe. Na kuna upande wa pili: tezi dume nzima ina zinki nyingi kuliko karibu nyama zote za mwili, ikishakuwa na kansa zinki inashuka sana. Kwaiyo uvimbe unavuta nyingine unaacha nyingine.

Ili useme metali ndo chanzo unataka vitu vinavyooana: huyu mtu aliivuta kabla ya ugonjwa, imekaa pale uvimbe ulipoanzia, watu wenye mzigo mkubwa wanaugua zaidi, na ndani ya DNA kuna alama inayolingana na jinsi metali ile inavyofanya kazi. Kromiamu ya wale Wajapani inavyo karibu vyote hivyo, ndo maana naileta mbele kila siku. Na kinyume chake pia kipo, metali isipokutwa haimaanishi haina hatia. Aseniki sehemu kubwa inatoka kwa mkojo ndani ya siku chache. Lakini Antofagasta kule Chile walikunywa maji yenye aseniki nyingi kuanzia 1958 hadi 1970, mtambo wa kuyasafisha ukawekwa, na vifo vya kansa ya mapafu na kibofu viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa baada ya maji kuwa safi. Kilichokuwa kimekaa pale ni jeraha, aseniki ilishaondoka.

Mama K

Na kadimiamu uliyoitaja mwanzoni? Na hizi dawa za kusafisha metali mwilini zinazouzwa mitandaoni, vidonge na vile vya kubandika miguuni, zinasaidia?

Mleta Uzi

Kadimiamu inaingia kwa milango ya zinki na chuma, na wapo wanaoipokea kwa wema kabisa: protini inaitwa metalothionini, iligunduliwa 1957 na Margoshes na Vallee kwenye figo ya farasi. Imejaa sisteini, salfa tupu, molekuli moja inakumbatia kadimiamu mpaka 7. Kwa muda inaokoa, maana kadimiamu iliyokumbatiwa haifanyi fujo. Ila ndo inaifanya isitoke. Kwenye figo nusu ya kadimiamu inachukua kati ya miaka 10 na 30 kuondoka, yani unazeeka nayo. Ile inayobaki huru inasukuma zinki kwenye protini za kurekebisha DNA na kuzilemaza, kwaiyo hata isipovunja DNA yenyewe, inayaacha yale mengine yaliyovunjika bila fundi. Na wanaovuta sigara msikie hili: mtumbaku unaifyonza kadimiamu kutoka kwenye udongo na kuiweka kwenye majani, mapafu yanaichukua kwa kiasi kikubwa kuliko utumbo, na mvutaji kwa wastani anabeba kama mara mbili ya asiyevuta. Fundi wa stenlesi anayevuta sigara ana mizigo miwili juu ya mapafu yaleyale.

Hizo za kubandika miguuni dada usitoe hela yako. Nyayo hazina njia ya kuitoa kromiamu iliyojipachika kwenye DNA ya seli ya mapafu. Kuna dawa za kweli za hospitali zinazokamata metali kwenye damu, zinatumika kwa mfano kwenye sumu ya metali ya risasi na zinasimamiwa na daktari maana zinaweza kubeba na madini unayoyahitaji na kuumiza figo. Hata hizo zinashika kilichopo kwenye damu na majimaji, kilichofungwa ndani ya seli hazikifikii vizuri, na kwa kadimiamu iliyoshatulia kwenye figo hazijaonyesha faida.

Fundi Geti

Sasa mkuu mtu kama mimi miaka yote hii nitajuaje nimebeba kiasi gani? Kuna kipimo?

Mleta Uzi

Kipo fundi, ila kijue kinasema nini. Kromiamu ya kwenye mkojo inaonyesha ulichovuta siku hizi za karibuni, na inahesabu tatu na sita pamoja, kwaiyo haitenganishi. Kuna kingine kinapima kromiamu ndani ya chembe nyekundu za damu: tatu haiingii humo, sita ndo inaingia na kukwama, na chembe nyekundu inaishi kama siku 120, kwaiyo kinakupa picha ya miezi kadhaa ya ile ya sita peke yake. Hicho cha pili maabara nyingi hazikifanyi. Hakuna cha kupima mapafu ukiwa hai ukaambiwa mzigo wote, labda wakukate kipande, na hakuna daktari atakayefanya hivyo kwa sababu hiyo tu.

Ukienda na cha mkojo, toa sampuli mwisho wa zamu, mwisho wa wiki ya kazi ya stenlesi, sio Jumatatu asubuhi umetoka kupumzika. Usiitoe ukiwa na nguo za kazi, oga kwanza unawe mikono, maana vumbi la kwenye kucha likidondokea kwenye kikopo litaharibu majibu yote. Na ukikohoa zaidi ya wiki 3 au makohozi yakaja na damu, achana na vipimo vya metali, nenda kapige picha ya kifua, na ukifika mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba unachomelea stenlesi na ni miaka mingapi, maana wengi hawaulizi.